Mbegu Iliyolishwa Uji

Mfaume Abdulkarimu alikuwa na ukucha mmoja wa kidole gumba ambao hakuukata kama alivyozikata kucha zake nyingine. Aliuacha uwe mrefu kiasi, akautunza, kwa sababu ndio uliompatia riziki. Ukimpa kitambaa kipya akakikwaruza mara moja tu kwa ukucha ule, atakwambia kama kina wanga au wanga umekwisha kutoka, na kama umetoka, umetoka wote au umebaki penye pindo. Mabwana wa maabara walikuwa na chupa yao ya iodini. Wao hudondosha tone kwenye kitambaa, na pakigeuka rangi ya buluu nzito, karibu na nyeusi, basi wanga bado upo. Lakini mara nyingi Mfaume aliitwa kwanza, chupa ikafuata baadaye.

Hayo yalikuwa Dar es Salaam, katika kiwanda kimoja cha nguo cha serikali, alikofanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kitengo cha kutoa wanga. Watu wa kwao Mahege hawakuielewa kazi hiyo hata kidogo. Walimwuliza, sasa nyie mnautia wanga kwenye nyuzi, halafu mnautoa, si bora mngeacha tu kuutia? Akawaeleza taratibu kwamba uzi wa pamba ukipanda mtamboni bila wanga hukatika ovyo. Unapakwa wanga ili uvumilie kufumwa. Na nguo ikishafumwa lazima wanga ule uondoke, la sivyo rangi haiingii, inakaa juujuu kama poda kwenye uso wa bibi harusi anayetoka jasho. Hapo wakacheka, wakasema basi tumefahamu.

Dawa ya kuutoa wanga ilikuwa unga uliokuja kwa meli kutoka Ulaya. Ilipofika mwaka wa tisini, unga ule ukawa haba. Fedha za kigeni hazikupatikana, maboksi yakaisha stoo, na majora ya nguo ngumu kama mbao yakalundikana hadi dirishani. Mameneja wakawa wanapitapita wakiyatazama kama watu waliofiwa.

Sasa nyuma ya kiwanda palikuwa na jalala. Vumbi la pamba, nyuzi zilizokatika, vipande vyenye wanga, vyote vilifagiwa vikatupwa pale, na maji meupe ya wanga yakamwagwa juu yake. Siku moja, baada ya mvua, Mfaume alikuta kitambaa kimesahauliwa juu ya jalala lile. Akakiokota, akakikwaruza kwa mazoea tu. Kikawa laini. Akakwaruza upande wa pili, laini vilevile. Alikwenda moja kwa moja hadi maabara, akamwita kijana mmoja msomi aliyeitwa Haruni.

Haruni akadondosha iodini. Rangi haikugeuka. Basi msomi yule, na koti lake jeupe, akapiga magoti jalalani akawa anapekua kama mtu aliyeangusha pete. Chini ya vumbi alikuta ukungu wa kijivu, umetanda kama manyoya ya kifaranga. Akamweleza Mfaume kwamba ukungu ule unakula wanga, na ili uweze kuula hutoa vitu viitwavyo vimeng'enya, vinavyouvunjavunja wanga hadi uyeyuke. Akasema, hata mate ya mtu hufanya hivyo hivyo kwenye wali.

Tangu siku ile wakaanza kuuotesha. Walichukua taka zilezile, wakazilowesha kwa maji yaleyale ya wanga, wakazitandaza kwenye masinia na kutia konzi moja ya ukungu. Ukishaota, waliukausha, wakauponda, wakauloweka katika maji ya vuguvugu na kuyachuja. Maji hayo ndiyo yakawa dawa. Kwa karibu miaka miwili nguo za kiwanda kile zilitolewa wanga kwa maji ya jalala, na hakuna mnunuzi aliyejua. Haruni ndiye aliyekuwa na elimu, lakini mtunza mbegu, yaani ule ukungu uliowekwa chunguni wa kuanzishia mwingine, alikuwa Mfaume. Kila Alhamisi alichota konzi kutoka kwenye chungu cha zamani akaihamishia kwenye taka mpya, ili mbegu isizeeke. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, watu wenye tai walimwuliza yeye, ehe Mzee Mfaume, imeamkaje leo?

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Marobota ya mitumba yakaingia, shati la Ulaya likauzwa rahisi kuliko kanga ya nyumbani. Majora yakalundikana tena, safari hii yakiwa laini, yenye rangi zake nzuri, na hayana mnunuzi. Mwaka wa tisini na nne wakasimamishwa getini, majina yakasomwa kwenye karatasi, na aliyesikia lake akaenda kukusanya vitu vyake. Kiwanda kikafungwa kikisubiri mwekezaji.

Siku ile Haruni aliigawa mbegu mara mbili, nusu kwake, nusu kwa Mfaume. "Mzee wangu," alisema, "iko siku mtu atakinunua kiwanda hiki. Na yeyote atakayekinunua atataka dawa rahisi. Mwenye mbegu ndiye atakayeitwa."

Neno hilo Mfaume alilibeba kuliko alivyobeba kitu kingine chochote.

Alirudi Mahege na chungu mapajani na magunia matatu ya vumbi la pamba juu ya lori. Mkewe, Zabibu, alikuwa ameona wanaume wengine wakirudi kutoka Dar na kitanda, redio, au cherehani. Alipofungua gunia la kwanza akakuta takataka, akafungua la pili, takataka. Hakulifungua la tatu. Alikaa chini kwenye mchanga akacheka hadi machozi, na Mfaume alisimama pembeni na chungu chake, hajui acheke naye au la.

Zabibu alikuwa mwanamke wa maneno, lakini roho yake safi. Alipoona kila Alhamisi mumewe anajifungia na chungu kile, ananong'ona nacho, anakifunika kitambaa, akakipa jina. "Baba Rukaiya," husema asubuhi, "mke mwenzangu kaamkaje?" Mfaume hujibu, hajambo, anakusalimu. Binti yao Rukaiya, aliyeolewa Mbuchi, akija kuwatazama, naye humpigia hodi mama yake mdogo wa kwenye chungu.

Jirani yao, Mrisho, yeye hakuwa na upole huo. Alikuwa na meza ya mitumba sokoni Kibiti, na alimwita Mfaume Bwana Kiwanda. Harufu ya chungu ilikuwa chachu kidogo, basi Mrisho akaeneza kwamba Bwana Kiwanda anapika pombe. Wazee wawili wa msikitini wakaja, wakainama, wakanusa mmoja baada ya mwingine. Wakasema si pombe, ni uchafu tu wa kawaida. Mfaume alifurahi na kuumia kwa pamoja.

Shamba lilimshinda. Miaka kumi na tisa bila jembe si mchezo. Mpunga aliupalilia akang'oa na mche, na mashimo ya mihogo aliyachimba yakawa kama makaburi ya watoto. Watu walimwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kejeli za Mrisho. Siku sita za juma alikuwa mzee aliyerudi mikono mitupu. Siku ya Alhamisi, akiwa ameinama juu ya chungu, alikuwa mtu ambaye ipo siku ataitwa. Hakutaka utajiri. Alitaka barua ije, jina lake liwe juu ya bahasha, na watu wamwone akiisoma.

Ikapita miaka mitatu. Ndipo zikaja zile mvua zilizoitwa El Nino. Mto Rufiji ukavunja kingo zake, mabonde yakawa bahari, na mihogo ikaozea ardhini. Paa la nyumba ya Mfaume liliingiza maji usiku na mchana, na siku alipokwenda kuyatazama magunia yake alikuta vumbi la pamba limekuwa tope jeusi linalonuka. Akajaribu kulianika, jua halikuwepo. Mwisho akalimwaga.

Na mbegu nayo ikaugua. Manyoya yake ya kijivu yalilala, yakawa manjano, kama mtu mwenye homa ya ini. Mfaume akakosa usingizi. Alihesabu Alhamisi mbili, kisha tatu, hana taka mpya ya kuilisha.

Zabibu ndiye aliyesema. Aliinama juu ya chungu, akakunja uso, halafu akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha hata kidogo, "Huyu kadhoofika kama mzazi aliyetoka damu nyingi. Mweke arobaini."

Watu wa kwao, mwanamke akishajifungua, huwekwa ndani siku arobaini. Hagusi jembe, hagusi mtwangio. Analishwa vitu laini, uji wa mchele wenye sukari, ili mwili urudi. Hakuna mwenye akili zake anayempa mzazi bada, ule ugali mzito wa makopa. Makopa, ile mihogo mikavu, ni chakula cha mwaka wa njaa, cha watu wenye nguvu zao. Mgonjwa na mgeni hawapewi.

Basi mke mwenza akawekwa arobaini. Mfungo wa Ramadhani uliingia katikati ya mvua zile, na kila jioni Zabibu alipika uji wa mchele kibaba kimoja, akautia sukari iliyoletwa na Rukaiya kutoka Mbuchi kwa ajili ya futari. Uji ule uliingia kwenye chungu. Wao wawili walifuturu kwa bada la makopa na mchicha wa porini. Juu ya uchaga wa jikoni palikuwa na gunia zima la makopa, la mavuno ya mwaka wa nyuma, na ndilo lililowaokoa. Baadhi ya siku Mfaume aliongeza kijiko cha mchana pia. Mrisho akamwona, akapaza sauti barabarani kwamba kumbe kwa Bwana Kiwanda yupo anayekula mchana wa Ramadhani.

Na mbegu ikapona. Iliota upya, nene, nyeupe pepepe, ikajaa chungu hadi ikainua kitambaa. Mfaume hakupata kuiona imenawiri vile hata enzi za kiwandani. Zabibu akapiga kigelegele kidogo, cha ndani ya chumba. Arobaini zikaisha, lakini nani angeweza kumwondolea mgonjwa aliyenawiri chakula kilichomponya? Wakaendelea na uji, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi maji yakashuka na watu wakaanza kurudi mabondeni kupanda.

Mwezi wa tano barua ikaja. Aliileta konda wa gari la Kibiti, na jina la Mfaume lilikuwa juu ya bahasha. Haruni aliandika kwamba mwekezaji amepatikana, kitengo cha rangi kitafunguliwa kwanza, na ameeleza habari za dawa ya jalala, wamependezwa. Wanataka kuiona ikifanya kazi Jumamosi ya juma lijalo. Ikifanya kazi, mtunza mbegu ataajiriwa pamoja naye. Chini kabisa aliongeza kwamba nusu yake ilikufa zamani, mwaka uleule, alipohama chumba. "Tegemeo letu ni yako tu." Mfaume aliisoma mbele ya duka, na watu walimwona.

Haruni akafika Jumanne, amekonda, mvi zimeanza. Alikuwa akiuza dawa za binadamu kwenye duka la mtu. Alileta kipande kirefu cha nguo ngumu isiyofuliwa na chupa ya iodini. Zabibu alikuwa bondeni akilinda mahindi yasiliwe na nyani, analala huko huko, hivyo wanaume wawili walikuwa peke yao uani. Mfaume alifunua chungu kama baba anayemtoa binti ukumbini. Haruni akatazama, akasema tu, imekuwa nyeupe sana.

Wakachota, wakaponda, wakaloweka katika maji ya vuguvugu, wakachuja na kutumbukiza kitambaa. Kwa kawaida saa tatu zilitosha. Wao walingoja saa tano, wakikumbushana mameneja na vichekesho vya getini. Kisha Mfaume akakitoa kitambaa, akakikwaruza kwa ukucha.

Akakwaruza tena. Akageuza upande. Hakutazama juu.

Haruni alidondosha iodini hata hivyo. Tone likageuka buluu nzito. Akadondosha jingine mbali kidogo, likageuka. Pindoni, likageuka. Kitambaa kikawa kama kimepigwa madoa ya wino. Walijaribu tena Jumatano kwa maji ya moto zaidi, na kwa konzi kubwa zaidi, na kitambaa kikatoka kigumu kama kilivyoingia.

Ndipo Haruni alipoketi kwenye kinu kilicholala akauliza, "Mzee wangu, ulikuwa unailisha nini?"

Mfaume akamweleza yote. Mwanzoni alieleza kwa fahari, ile arobaini, ule mchele, ile sukari ya futari waliyojinyima. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona uso wa Haruni ukikunjamana, na fahari ikamwishia katikati ya sentensi.

"Ukungu huu," Haruni alisema polepole, "hutoa ile dawa kwa sababu wanga ni mgumu. Usipouvunja, haupati kula. Sukari haina cha kuvunja, inamezwa tu. Miezi yote hii haukuwa na sababu ya kufanya kazi. Sehemu iliyokuwa ikiijua kazi imezidiwa na isiyoijua."

"Kurudi haiwezi?"

"Labda. Ningekuwa na maabara. Na mwaka mmoja." Akachora mchanga kwa kijiti, kisha akauliza, na hakuwa na nia mbaya, "Makopa hamkuwa nayo? Hata makopa ya kutwanga yangetosha kabisa. Yangefaa kuliko vumbi letu."

Mfaume akatazama jikoni, kwenye uchaga.

"Tulikuwa nayo," akasema. "Tulikula sisi."

Alhamisi asubuhi akamsindikiza Haruni hadi barabara kuu, wakasimama upande wa gari za kwenda Ruaruke na Kibiti. Haruni alimwambia asijilaumu, huku akikunja na kukunjua kile kitambaa chenye madoa. Alisema atawaambia wanunue dawa ya Ulaya, siku hizi inaingia bila shida. Kuhusu duka la dawa za watu alilokuwa akilirudia hakusema chochote. Gari ikaja, akapanda, ikaondoka na vumbi lake.

Njia yote ya kurudi Mfaume aliwaza jambo moja. Si kiwanda, maana kiwanda kilikwisha pale ukucha ulipogusa nguo. Alimwaza Zabibu akiinama juu ya chungu na kusema, mweke arobaini. Akamwona anameza bada, anasukumia kwa maji, huku mkono wake wa pili unapuliza uji wa mwenziwe upoe. Mtu ataambiwaje jambo kama lile?

Zabibu alirudi alasiri na boga kichwani. Alikuwa amelichagua kwa ajili ya mgeni. Hata kabla hajalitua akauliza, "Bwana Haruni yuko wapi? Wameichukua?"

"Kaondoka," Mfaume akasema. "Hawaihitaji. Wamepata dawa ya Ulaya, siku hizi rahisi."

"Hawaihitaji? Wameiona ilivyonawiri?"

"Kaiona."

Akalitua boga. Aliwatukana watu wa Dar, wawekezaji, na Haruni mwenyewe na koti lake jeupe ambalo hajapata kuliona. Akawaeleza wanawake kisimani jinsi wenye vyao walivyomdharau mume wake na kazi ya mikono yake. Mrisho mwenyewe akaja kumpa Mfaume pole, kwa adabu, bila kumwita Bwana Kiwanda, na Mfaume akaipokea pole ile akatamani ardhi ipasuke.

Mpunga wa kwanza ulipoingia ndani, mchele wake wa kwanza Zabibu aliupikia uji wa chungu. Wasipomtaka wao, alisema, sisi tunamtaka. Mfaume alikaa kwenye kigoda akimtazama anakoroga sukari. Akajikohoza.

"Mama Rukaiya. Jaribu kumpa makopa. Siku moja tu."

Zabibu akageuka, mwiko mkononi, akamtazama kama anavyomtazama mtu asiyemfahamu.

"Makopa? Mtu kakataliwa na watu wote, mimi nami nimpe makopa? Wewe siku hizi una roho gani, Baba Rukaiya?"

Sentensi moja tu ingetosha. Alikuwa nayo mdomoni, fupi, imenyooka. Aliishikilia hadi Zabibu alipomaliza kupuliza uji na kunyoosha mkono, kisha akamfunulia chungu, akakishika kisiyumbe, na mkewe akamimina.